Mtungi Usio na Tumbo

Asubuhi hiyo Senebi alimimina maji kwenye mtungi wa jikoni kama alivyomimina kila asubuhi tangu aolewe, na kabla ndoo ya kwanza haijaisha, maji yakafurika yakamlowesha miguu.

Alisimama akautazama. Ulikuwa mtungi wa alabasta, mnene kiunoni, ambao mumewe Ankhu aliuchonga zamani alipokuwa anajifunza kazi kwa baba yake. Ulipata ufa mdomoni, hakuna mnunuzi aliyeutaka, ukaishia jikoni. Siku zote ulikuwa unameza ndoo kadhaa na bado unaomba. Senebi akatia mkono ndani. Vidole viligota chini kabla kiwiko hakijafika mdomoni. Nje, mtungi ulikuwa na urefu wake ule ule.

"Mama," alimwita mkwewe, "njoo utie mkono humu."

Hejereti alikuwa uani anamenya vitunguu, mjukuu wake Dedu amelala mapajani. "Mkono wangu unanuka. Mnataka kunywa maji ya vitunguu leo?"

"Njoo tu, mama."

Bibi alikuja, akatia mkono, akacheka. "Mchanga umejaa huko chini, mwanangu. Ukiolewa na mchonga vyombo, mchanga unakufuata mpaka kwenye ndoto."

Waliuinamisha wote wawili. Hayakutoka ila maji.

Ankhu aliporudi kula, vumbi la jiwe bado limo kwenye nyusi, walimwonyesha. Yeye alijua vyombo kwa vidole kuliko kwa macho. Alizamisha mkono, akakaa hivyo kwa muda kama mtu aliyeshika kiganja cha mgonjwa.

"Tutumie mwingine," alisema mwishowe, na mkate wake hakuumaliza.

Kesho yake kijiti cha wanja kilikataa kuzama kwenye kichupa chake. Kisha taa ikawa haipokei mafuta. Kisha chungu cha uji, kisha mapipa ya udongo ya bia, kimoja baada ya kingine vilijaa kutoka chini, polepole, vikawa vizito na baridi, mpaka ukivigonga kwa ukucha havitoi sauti. Jirani yao Tepu, mjane asiye na kitu, alileta mtungi wake wa pekee. "Chukueni, mimi nitaazima kisimani," alisema. Ulipovuka kizingiti tu Senebi alihisi ukimwelemea mikononi. Tepu alitazama ndani, akameza mate, lakini hakuudai. Tangu siku hiyo alikuwa anasimama nje ya mlango asubuhi na jioni, anawamiminia maji viganjani kutoka kwenye kiriba, wanakunywa wameinama kama ng'ombe.

"Basi tumekuwa ndugu wa punda," Hejereti alisema huku anajifuta kidevu, ili Senebi acheke. Senebi alicheka kwa ajili yake.

Halafu sauti ikaanza. Ilikuja adhuhuri, jua likiwa utosini, saa ambayo mtaa mzima wa wachongaji unalala na karakana zote ziko kimya. Ilikuwa sauti ya keekee, ile keekee ya kutobolea mawe yenye mawe mawili ya uzito kichwani, ikisaga mchanga ndani ya jiwe: khrr, inatulia, khrr, inatulia. Senebi alidhani ni Ankhu. Aligeuka, akamwona Ankhu amelala pembeni yake, macho wazi, anasikiliza.

"Nani anafanya kazi saa hizi?" alimnong'oneza.

"Lala, Mama Dedu."

"Inatoka jikoni."

"Nimesema lala."

Pamoja na sauti ilikuja harufu ya magadi na utomvu, harufu ya watu waliofungwa sanda, ambayo mwanamke wa mji ule huinusa kwenye nguo za wanaotoka mazishini na kuziosha upesi kabla hajamshika mtoto.

Siku chache baadaye Dedu alinyonya mara mbili tatu, akaachia titi, akalia. Senebi alijikamua. Halikutoka tone. Alijaribu la pili, likawa vivyo hivyo, na yote mawili yalikuwa magumu na baridi chini ya kiganja.  Hejereti alikwenda kwa Tepu, akaomba maziwa ya mbuzi, akachovya kitambaa, akakaa mlangoni anamnyonyesha mjukuu kitambaa tone kwa tone mpaka shingo ikamkakamaa. Dedu alimeza kidogo, kisha maziwa yakaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, meupe, yale yale, kama maji yanavyofurika kwenye chombo kilichojaa.

Hejereti akaweka kiganja juu ya kitumbo cha mtoto. Akakiondoa, akakiweka tena.

"Mama, kuna nini?"

"Ana gesi," alisema bibi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema uongo kwa mara ya kwanza.

Senebi mwenyewe akamgusa. Chini ya kitovu, mahali penye ulaini wote wa mtoto mchanga, palikuwa na kitu kigumu chenye kuteleza kama kokoto la mtoni, na kilikuwa baridi, na alipokifuata kwa vidole akakuta kimekwisha kupanda kuelekea mbavuni.

Adhuhuri ile hakuweza kulala. Keekee ilipoanza, alimwacha mtoto kifuani kwa baba yake akanyanyuka, akatembea kwa unyayo akishika ukuta, na harufu ya magadi ilizidi kila alipokaribia jikoni mpaka macho yakamwasha, na alipochungulia kwenye ile nuru nyeupe inayoshuka kutoka tundu la paa aliona mwanamke amechuchumaa mbele ya mtungi wa alabasta, amempa mgongo, amefungwa vitambaa vilivyolegea mabegani, mkono wake wa kulia umezama ndani ya mtungi mpaka begani, ule mtungi ambao kwa Senebi sasa ulikuwa na kina kisichozidi urefu wa vidole, na mkono ule ulikuwa unazunguka, unazunguka, na kila ulipozunguka ile sauti ilitoka, khrr, kutoka ndani ya jiwe.

Mwanamke aligeuza uso.

Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu, umejazwa na kusawazishwa vizuri kama kifuniko cha mtungi. Katikati ya udongo kulikuwa na alama ya muhuri: chura mdogo aliyeinua kichwa.

Senebi alikuwa ameona chura yule kila siku ya ndoa yake. Alining'inia kwa uzi shingoni mwa mumewe.

 Aliporudi chumbani alikaa chini karibu na Ankhu, akashika muhuri ule kwa vidole viwili.

"Yuko jikoni," alisema. "Ana chura wako mdomoni."

Ankhu alimpa mama yake mtoto. Akakaa, akafunika uso, na walipomwachia nafasi akazungumza chini chini, kana kwamba jikoni kuna mgonjwa.

"Ni Wereti, mke wa Sahathori wa mazizi ya ng'ombe. Alikufa uzazini wiki ile ile uliyojifungua wewe. Sahathori alikuja kwangu akitaka mtungi wa maji wa kumzika nao. Alisema, 'Chonga tumbo lote, mpaka chini. Alikufa akiniomba maji, na wakunga walinikataza kumpa.' Nikamwahidi."

"Nini tena?" mama yake aliuliza.

"Nikachonga umbo la nje, na shingo. Halafu Senebi akashikwa na homa. Mnakumbuka homa ile. Nilikuwa namfuta kwa kitambaa usiku na mchana, na kila nikishika keekee nilikuwa nasikia anaita, naiacha. Siku ya mazishi ikafika, ndani nimechimba kina cha kidole."

Hejereti alivuta pumzi. "Mwanangu, hilo ndilo linakutesa? Vyombo vya kaburini visivyo na tumbo babu zako wamechonga maisha yao yote. Maskini wote wanazikwa navyo. Kuhani anasimama, anasema maji, maji yanakuwamo. Mfu anakunywa neno."

"Vyombo hivyo watu wanajua kuwa havikutobolewa, mama. Wanamwambia kuhani avisemee. Mimi nilitia udongo mdomoni, nikapiga muhuri, nikasema nimeutoboa na kuujaza maji ya mtoni. Wachukuzi waliuinua wakausifu uzito. Na Sahathori akamwambia kuhani, 'Huu uruke, maji yamo.' Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa na ulimi."

 Senebi aliona yote kwa mara moja: mtungi usio na maji na usio na neno, na mwanamke gizani akiinua kifuniko. Alitaka kumkasirikia mumewe, akakumbuka kitambaa kile chenye maji kwenye paji la uso wake, usiku baada ya usiku, akashindwa.

Walimwita Baketi, mganga wa sumu ya nge na wa pepo. Alikuja na begi la ngozi na samaki wake mkavu wa kutafuna, maana hakuwahi kula kwa wagonjwa. Alizunguka nyumba, akanusa, akagonga vyombo, akamfunua Dedu tumbo na kumfunika haraka.

"Pepo wengi nimewafukuza," alisema. "Nawatukana mama zao, wanaondoka. Huyu nimtukane nini? Alichokuja kudai ni chake."

"Anataka nini kwa mtoto?" Senebi aliuliza.

"Yeye hata hamjui mtoto wako. Anachimba mtungi wake. Hana mchanga wala keekee, basi anachukua uwazi wa vyombo vyenu, kidogo kidogo, anaupeleka kule. Kila tumbo linalofungwa hapa, lake linafunguka kidole kimoja. Atachukua popote penye nafasi ya ndani." Alimgeukia Ankhu. "Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Ankhu alifungua mikono, kama mtu anayepokea mtoto.

Baketi alitazama ukubwa ule, akaangalia chini. "Nendeni kwa mwenye mke. Aseme yeye neno ambalo halikusemwa. Msichelewe."

Sahathori aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni pake, mtu mrefu, kipara, mwenye mabua ya nyasi kwenye kikoi. Ankhu alipiga magoti akasema kila kitu. Senebi alingoja kofi. Sahathori aliuliza tu, "Kwa hiyo hajanywa," kisha akamwambia mtumishi amletee viatu.

Walipanda mpaka ukingo wa jangwa, mbele ya mlango wa mawe na kifusi ambao nyuma yake Wereti alilala. Sahathori akamimina maji kwenye bamba la sadaka, akainua mkono, akasema kwa sauti iliyokatika: mikate elfu kwa Wereti, bia elfu, maji baridi ya mto, kila kitu chema anachoishi nacho aliyekufa. Maji hayakushuka kwenye mfereji wa bamba. Yalisimama juu ya jiwe, yakavimba kama tone la mafuta, kisha yakatiririka kurudi nyuma, yakapita miguu ya Sahathori, yakaja kuzunguka vidole vya Ankhu.

"Kinywa chake kimezibwa," Sahathori alisema. "Hanisikii."

"Nitauvunja huu mlango," Ankhu alisema.

"Na wale?" Juu ya kilima walinzi wa makaburi walikuwa wamekaa na mbwa wao, wanawatazama. "Utatundikwa mtini, na mkeo ataangalia. Nimekwisha kuzika mmoja na mtungi wako. Usinizikishe wa pili."

Lakini jioni alimtuma yaya aliyekuwa anamnyonyesha binti yake, yule binti ambaye Wereti alimwacha. Yaya alikuwa kijana mwenye maziwa tele, akaja anacheka na watoto njiani. Alimweka Dedu kifuani akamwimbia. Dedu alimeza mara moja. Mara ya pili maziwa yalirudi yote. Yaya alijaribu tena mpaka machozi yakamtoka, na alipoondoka alivua kitambaa chake cha kichwani akamfunika nacho Dedu, kwa sababu alisema mtoto anaona baridi. Hakukuwa na baridi.

Kesho yake Dedu hakulia tena. Alikuwa mzito mno kwa mtoto aliyekonda vile. Shingo tu ndiyo ilibaki laini, na pumzi yake ilikuwa fupi, inaingia juu juu na kutoka, haina pa kwenda. Hejereti alikuwa amekaa uani na Tepu, wameshikana mikono. Ankhu alikuwa karakanani, anatoboa jiwe jipya kwa nguvu zake zote, mtungi wa pili kwa ajili ya Wereti, ingawa Baketi alimwambia haina maana, hakuna njia ya kuufikisha. Kila mtu alikuwa na jambo la kufanya na hakuna lililosaidia.

Jua lilifika utosini. Keekee ya Ankhu ilinyamaza, na ile nyingine ikaanza, na safari hii haikutoka jikoni, ilitoka mikononi mwa Senebi, ndani ya mtoto.

Akainuka. Akamlaza Dedu juu ya mkeka, akaingia jikoni peke yake, na harufu ikamfunika kama nguo mbichi, na mwanamke alikuwepo, amechuchumaa, ila sasa hapakuwa na chombo chochote mbele yake, mkono wake ulikuwa umenyooshwa hewani kuelekea chumba cha mtoto, unazunguka polepole, na Senebi, ambaye mkojo ulikuwa umemponyoka bila kujua, alikwenda akachuchumaa kando yake bega kwa bega, kama wanawake wawili kisimani, akaushika mkono ule uliokuwa baridi kama jiwe la mtoni, ukamkataa, akaushika tena.

"Dada," alinong'ona, "yule mdogo. Hatakutosha. Ukimmaliza bado utakuwa na kiu. Mimi nimezaa, nina nafasi."

Mkono uliacha kuzunguka.

"Mtungi wako ulipokuwa unangoja kutobolewa, mume wangu aliuacha akawa ananifuta jasho mimi. Kiu yako ilikaa kwenye homa yangu. Chukua kwangu."

Akauvuta akauweka chini ya kifua chake. Hakusikia maumivu. Mkono uliingia kama unavyoingia kwenye unga uliokandwa, na baridi ikapanda kutoka kitovuni, ikajaa, ikasawazika, na mbele yake, karibu kiasi cha kuhisi vumbi lake, udongo ule mdomoni ukapasuka, chura akagawanyika vipande, vikaanguka sakafuni, na kutoka kwenye kinywa kilichofunguka ilisikika sauti ndefu ya mtu anayekunywa, anakunywa bila kupumua, ikienda mbali, ikishuka, kama sauti ya maji yanayomwagwa kwenye kisima kirefu.

Walipomkuta alikuwa amelala pale chini peke yake. Chumbani Dedu alikuwa analia kwa njaa, kilio kikubwa cha hasira, na Senebi alitambaa mpaka kwake, akamweka kifuani, maziwa yakatoka. Mtungi wa jikoni ulimeza ndoo zote ukaomba nyingine. Tepu alichukua mtungi wake, akaubusu. Jioni Ankhu alimega mkate akampa mkewe.

Mkate ulirudi. Akajaribu maji, yakarudi. Akatia kiganja tumboni mwake, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akakiondoa na kumtabasamia mumewe ili amalize kula.

Siku ya tatu hakuweza kuinua kichwa, na maziwa yalianza kupungua. Ndipo Hejereti aliposimama mbele ya mkeka, mzee yule aliyekuwa na jibu la mzaha kwa kila kitu, akainua mkono wake kama wanavyoinua watu mbele ya mlango wa kaburi, akasema, "Mikate elfu kwa Senebi, mwanangu. Bia elfu. Maji baridi ya mto." Damu ilirudi kwenye midomo ya Senebi. Alikaa. Alihisi ladha ya shayiri.

Ankhu naye alijaribu, asubuhi iliyofuata, akisema maneno yale yale, akalia akayasema tena. Hayakumfikia. Baketi walipomweleza alisema neno likishapita kwenye kinywa kimoja halipiti kwenye kingine, na kwamba wasimwambie mtu yeyote, maana watu wakijua kuna mtu hai anayelishwa hivyo watamchukua wampeleke anakostahili kukaa.

Basi Hejereti ndiye anayemlisha. Huamka kabla ya wote, ananawa mikono, anasimama. Dedu sasa anatembea, ana mashavu, anapiga vyombo vya baba yake kwa kijiti ili avisikie vikilia.

Mafuriko ya mwaka huu yalikuja na baridi, na bibi akaanza kukohoa. Senebi humpasulia kuni, humsugua miguu kwa mafuta, humpa asali yote. Asubuhi moja bibi aliinua mkono, akasema mikate, akafika kwenye bia, kikohozi kikamshika, kikamkalisha chini. Senebi alimshika mgongo mpaka kikapita.

Hejereti alifuta mdomo. "Nilikuwa nimefika wapi?"

"Kwenye bia, mama."

"Ngoja nipumzike kidogo."

"Pumzika," Senebi alisema. Alikuwa anaona giza pembeni mwa macho. Aliendelea kumsugua mgongo taratibu, akisikiliza pumzi ya mzee inavyoingia na kutoka, na hakumharakisha.